Je, wajua kwa nini daktari hukata kinyama kabla ya kutaja jina la ugonjwa?

Mtoto wa miaka sita kutoka mwambao wa Ziwa Viktoria, tuseme upande wa Magu au Ukerewe, anavimba taya. Meno ya nyuma yanalegea. Nyumbani wanasema ni jino bovu, na mara nyingi ndivyo ilivyo: jino limeoza, usaha umejaa, ling'olewe na dawa ifuate. Lakini uvimbe wa sura ileile unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Jicho halitofautishi. Kidole hakitofautishi. Eksirei inaonyesha mfupa ulioliwa, bila kusema umeliwa na nini. Na matibabu ya magonjwa haya mawili hayafanani hata kidogo. Hapo ndipo daktari anaposema, "Tuchukue kinyama kikapimwe."

Kinyama hicho ndicho biopsi. Watu wengi hukisikia neno hilo wakadhani tayari wameambiwa wana kansa, ilhali biopsi huchukuliwa ili kujua kitu kilichopo, kiwe kansa au kisiwe. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, una maji au ni mgumu. Vipimo vya damu vinaonyesha mwili unavyoitikia. Sura ya seli zenyewe, na jinsi zilivyopangana, haionekani mpaka kipande kitoke mwilini kiwekwe chini ya hadubini.

Chukua tezi za shingo. Mtu mzima ana vinundu vitatu shingoni kwa miezi miwili. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, limfoma (saratani ya tezi zenyewe), saratani iliyoanzia kooni ikahamia hapo, au tezi zilizotutumka kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Kwa mkono vyote ni vinundu tu. Chini ya hadubini kila kimoja kina sura yake. Kifua kikuu hukusanya seli za kinga kwenye duara, na katikati ya duara tishu imekufa, ile ambayo kwa macho ni laini na nyeupe kama maziwa mgando. Burkitt ina seli zilizobanana, zote karibu saizi moja, nyeusi kwa wingi wa viini, na kati yake zimetapakaa seli kubwa hafifu zinazofagia mabaki ya zilizokufa; kwa mbali utadhani unatazama anga la usiku lenye nyota. Saratani iliyohamia huonyesha seli za ngozi au za utumbo mahali ambapo hazina kazi.

Dalili za saratani kwenye seli si siri ya waganga. Kiini huwa kikubwa kuliko kawaida na cheusi zaidi, seli zinazogawanyika ni nyingi, mpangilio umevurugika. Lakini linalotazamwa kuliko yote ni mpaka. Ngozi ya ndani ya shingo ya kizazi, kwa mfano, imekalia utando mwembamba unaoitenganisha na nyama ya chini. Seli zikiwa zimeharibika lakini bado ziko juu ya utando huo, mama ana hatari ya saratani, na sehemu hiyo ikiondolewa amepona. Zikishatoboa utando na kushuka chini, hiyo ni saratani kamili na matibabu yanabadilika yote. Ndiyo maana muuguzi wa uchunguzi anapopaka siki kwenye shingo ya kizazi na doa jeupe likatokea, siki inakuwa imeonyesha tu mahali pa kukata. Jibu linatoka kwenye kinyama.

Kichocho kinaleta fumbo jingine

Kanda ya Ziwa ina aina mbili za kichocho. Cha utumbo, kinacholetwa na *Schistosoma mansoni*, kimejaa mwambao na visiwani. Cha mkojo, *Schistosoma haematobium*, kiko zaidi bara, kwenye madimbwi na malambo. Mtu anayekojoa damu huenda ana kichocho cha mkojo tu, au ana saratani ya kibofu, au ana vyote viwili, kwa kuwa mayai yakikaa miaka mingi kwenye ukuta wa kibofu huweza kuchochea saratani, hasa ile ya seli bapa zinazofanana na za ngozi. Kwa hiyo kuona yai la kichocho kwenye kinyama hakumalizi kazi. Msomaji wa hadubini anayesimama kwenye yai akafunga faili anaweza kuiacha saratani iliyo milimita mbili pembeni.

Kuna jambo hapa linalofurahisha wapenda maabara. Yai la *haematobium* lina mwiba mkiani, la *mansoni* lina mwiba ubavuni, na kwenye mkojo au kinyesi tofauti hiyo inaonekana wazi. Kwenye kinyama, yai limekatwa katikati na mwiba mara nyingi haumo kwenye kipande ulichonacho. Basi unatumia rangi ileile inayotumika kutafuta bakteria wa kifua kikuu, ya Ziehl-Neelsen: ganda la *mansoni* linashika wekundu, la *haematobium* halishiki. Mwiba umepotea, lakini ganda limesema.

Pa kukata, na namna ya kukata

Sindano nyembamba ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Inaingizwa kwenye tezi au uvimbe, inafyonza seli chache, zinapakwa kwenye kioo, na zikipakwa rangi ya haraka jibu la awali linaweza kupatikana siku hiyohiyo. Kwa mtoto mwenye taya linalokua kila siku, hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni kwamba inaleta seli zilizotawanyika, bila mpangilio. Ni sawa na kuonja mchuzi: utajua kuna samaki, lakini kama ni sato au sangara, na kama minofu ilikuwa na afya, hutajua. Sindano nene, kwenye titi mara nyingi ya geji 14, inatoa kijiti cha nyama chembamba kama njiti ya kiberiti, na humo mpangilio na ule mpaka vinaonekana. Tezi dume huchomwa vijiti kama kumi na viwili, kutoka sehemu mbalimbali, kwa kuwa saratani yake hujificha kidogo hapa na kidogo pale. Koo, tumbo na utumbo huchukuliwa kwa mrija wenye kamera na vikoleo vidogo. Ngozi hukatwa kwa kichoma-duara cha milimita tatu au nne, na kidonda chake huweza kufungwa kwa mshono mmoja.

Mahali pa kukata panaharibu majibu mengi kuliko watu wanavyodhani. Kidonda sugu cha mguuni kikikatwa katikati, unachopata ni usaha na tishu iliyokufa, na ripoti itarudi ikisema hakuna cha kusoma. Unakata ukingoni, pale kidonda kinapokutana na ngozi nzima, kina kidogo, ili kuona ugonjwa unavyoingia kwenye nyama yenye uhai. Tezi, ikiwezekana, itolewe nzima na si kubanduliwa kona. Na usiibane kwa koleo: seli zikibanwa hurefuka na kutapakaa kama wino uliofutwa kwa kidole, na limfoma iliyobanwa haisomeki. Kisu cha umeme nacho huunguza kingo. Kwenye kinyama kikubwa hilo si tatizo, kwenye kidogo hakibaki kitu.

Kabla ya kukatwa, mgonjwa aseme kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na kama amewahi kutokwa na damu sana alipong'olewa jino. Kwa ini, kupima uwezo wa damu kuganda ni lazima, na baada ya kuchomwa mgonjwa hulala ubavu wa kulia akiangaliwa kwa saa kadhaa, kwa sababu damu ikivuja inavujia ndani usikoiona. Kwa ngozi, titi au tezi ya shingo, ganzi ya kawaida inatosha na watu hurudi nyumbani saa hiyohiyo. Homa, usaha au damu isiyokoma ni sababu ya kurudi haraka. Aliyechukuliwa kinyama cha tezi dume akapata homa asisubiri kesho.

Kopo la formalini na somo la kayabo

Sasa tufike pale kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Mtu wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hahitaji kufundishwa kwamba sangara akitoka majini anaanza kuoza hapohapo. Kinyama nacho kiko hivyohivyo. Damu ikikatika, vimeng'enya vya seli vinaanza kuzila seli zenyewe, na ndani ya saa chache viini vinafifia. Kwa hiyo kinyama kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, mara tu kinapotoka, kisizidishe saa moja nje.

Kosa la kwanza ni la kimazoea: kukiweka kwenye barafu kama samaki. Kikiganda, fuwele za barafu hutengenezwa ndani ya seli, na fuwele zinazipasua. Kinyama kilichogandishwa kwenye friji ya kawaida kikifika maabara kimejaa matundu kama sifongo. Kilichokwisha kuingia kwenye formalini hakihitaji ubaridi wowote. Mahali penye kivuli panatosha.

Formalini haifanyi kazi ya barafu. Inafanya kazi ya chumvi kwenye kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi: inazifunga protini za seli zisisogee wala kuliwa. Na kama kayabo, ni lazima iingie ndani. Aliyewahi kutengeneza kayabo anajua sangara mzima hawekwi chumvi juu tu. Hupasuliwa, akafunguliwa, minofu minene ikachanjwa, la sivyo nje hukauka na ndani kunanuka. Formalini hupenya polepole, takribani milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha kasi yake hupungua. Titi zima lililotumbukizwa bila kuchanjwa linaweza kukaa siku mbili ndani ya ndoo, nje kumekuwa kugumu na kijivu, huku katikati uvimbe wenyewe, ambao ndio uliokuwa unatafutwa, umeshaoza.

Kipimo ni hiki. Formalini kali ya dukani, yenye asilimia 37 hadi 40 ya formaldehaidi, huchanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, pamoja na chumvi za fosfati za kuzuia uchachu. Hiyo ndiyo inaitwa formalini ya asilimia 10. Bila chumvi hizo inachacha, inaacha chembe za kahawia kwenye tishu, na chembe hizo zinaweza kumdanganya msomaji. Ujazo wa formalini uwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kipande cha ukubwa wa harage kinatosheka na mililita 20, uvimbe wa ukubwa wa chungwa unataka lita mbili au zaidi. Kopo liwe na mdomo mpana. Chupa ya dawa yenye shingo nyembamba ni mtego: kinyama kinaingia kikiwa laini, kinakuwa kigumu ndani, na kukitoa mpaka uivunje chupa au ukikate vipande. Maji matupu na maji ya chumvi ya dripu hayahifadhi kitu. Spiriti inakausha na kusinyaza. Shashi kavu inafyonza unyevu, na kipande kidogo kilichoachwa juu yake nusu saa kinakuwa kama ganda la kitunguu.

Jina, umri na sehemu kilikotoka viandikwe kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko vikifunguliwa makopo matano kwa wakati mmoja, vinabadilishana, na hapo mtu mmoja anapewa ugonjwa wa mwingine. Fomu nayo ijazwe. "Uvimbe, tafadhali pima" haimsaidii msomaji. Umri, muda wa ugonjwa, hali ya VVU, dawa alizotumia na picha ilionyesha nini: hayo hubadilisha namna kioo kileile kinavyosomwa.

Hospitali nyingi za wilaya hupeleka sampuli Mwanza mjini, na nyingi huishia Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo juu ya kilima. Kutoka Sengerema au Geita njia imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Kutoka Ukerewe bado kuna maji ya kuvuka. Kopo lifungwe kwa nguvu, lizungushiwe plasta, liwekwe ndani ya mfuko wa pili wenye pamba, lisimame wima. Formalini ikivuja inaunguza macho ya abiria wote, na kinyama kinafika kikavu. Ndugu akipewa abebe mwenyewe asifungue kuchungulia.

Kuna kinyama kisichotakiwa kuguswa na formalini. Daktari akishuku kifua kikuu, kipande cha pili huwekwa kwenye maji safi ya chumvi, kwa ajili ya kuotesha bakteria, kwa sababu formalini inawaua. Historia ya Ziwa hili ina mfano maarufu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, alikuwa ameandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya unaobeba jina lake. Desemba 1963 kinyama cha uvimbe huo kilitumwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda kwa mtafiti Anthony Epstein, London, kikiwa kibichi. Ukungu ukazuia ndege kutua London, ikatua Manchester. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba bakteria wameingia. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe zinazoelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, kile tunachokiita leo Epstein-Barr.

Kwa nini jibu halitoki leo

Kinyama kikifika hupimwa kwa rula, huelezwa kwa maandishi, hukatwa vipande vya unene wa milimita tatu au nne na kuwekwa kwenye vijisanduku vidogo vya plastiki. Usiku kucha mashine inakipitisha kwenye alkoholi, kuanzia hafifu kwenda kali, kutoa maji. Kisha zailini, kutoa alkoholi. Kisha nta iliyoyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 60, inayojaza nafasi ya maji yaliyotoka. Umeme ukikatika katikati ya usiku na kinyama kikabaki kwenye zailini, asubuhi kinavunjika kama biskuti. Mlolongo huu hauna njia ya mkato.

Asubuhi kinafinyangwa ndani ya kitofali cha nta, na mashine yenye wembe inakikata vipande vya mikroni tatu hadi tano (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Milimita moja ya kinyama inatoa vipande mia mbili au zaidi. Kila kipande huelea kwenye maji ya vuguvugu kijikunjue, hunaswa na kioo, hukaushwa, kisha hupakwa rangi mbili: hematoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, inayotia viini bluu, na eosini inayotia sehemu nyingine waridi. Ndipo daktari wa patholojia anakaa kusoma. Akihitaji rangi maalumu au kupima vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli ambazo homoni hushikia, kwenye saratani ya titi, siku zinaongezeka. Vipimo vya vipokezi ndivyo vinavyoadhibu uzembe wa kopo kuliko vyote: kinyama kilichokaa kwenye formalini chini ya saa sita au zaidi ya saa 72 huweza kuonyesha hakuna kipokezi wakati kipo, na mama akanyimwa kidonge cha kuzuia homoni ambacho kingemsaidia.

"Kansa ikiguswa na chuma inasambaa"

Maneno haya yanasikika kila mahali, kuanzia Igoma hadi visiwani, na si ya kudharauliwa kwa kicheko. Mara nyingi kinachotokea ni hiki: mtu anafika uvimbe umeshakua, anachukuliwa kinyama, anaogopa, anapotea miezi minne kwa waganga, anarudi hali ikiwa mbaya. Lawama inabebwa na kisu. Kwa uvimbe mwingi, sindano kusambaza seli ni jambo nadra mno, na hatari ya kutibu bila jina ni kubwa zaidi.

Hata hivyo kuna sehemu ambazo madaktari wenyewe hawachomi. Uvimbe wa korodani hautobolewi kupitia ngozi ya korodani. Korodani hutolewa nzima kupitia kinena. Jicho la mtoto linalong'aa weupe kwa saratani ya retina halichomwi sindano. Saratani ya ini kwa mtu mwenye ini lililosinyaa wakati mwingine hutambuliwa kwa picha ya CT pekee. Uvimbe wa mfupa huchomwa na yule atakayeufanyia upasuaji, kwa sababu njia ya sindano itatakiwa kutolewa pamoja nao.

Ripoti ikitoka

Neno "sampuli haitoshi" halimaanishi huna ugonjwa. Maana yake ni urudi ukatwe tena. Vivyo hivyo ripoti inayosema hakuna saratani, wakati titi lina uvimbe mgumu unaovuta ngozi, haikubaliki kimyakimya: sindano huenda ilipita pembeni. Watu huchanganya pia daraja na hatua. Daraja ni jinsi seli zilivyoharibika sura, na linatoka kwenye kinyama. Hatua ni ugonjwa umefika wapi mwilini, na hiyo inahitaji picha na uchunguzi mwingine, kwa hiyo mwenye daraja la tatu si lazima awe hatua ya tatu. Kama uvimbe wote umetolewa, uliza kuhusu kingo: je, zina seli za ugonjwa au ni safi?

Omba nakala ya ripoti na uandike namba ya sampuli mahali usipoipoteza. Kitofali cha nta hakitupwi baada ya kusomwa. Huhifadhiwa kwenye kabati kwa miaka. Ukihamishiwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ukitaka daktari mwingine asome, kwa namba hiyo kitofali kinatafutwa na kukatwa vipande vipya, bila wewe kulala tena kitandani kuchomwa ganzi.